Chupa Yenye Kwao

Kabla jua la Kyela halijaanza kuchoma, mama mdogo alikuwa amekwisha kupanga kreti tatu mbele ya duka lake, akaziinamia kama mtu anayechagua mbegu za mpunga. Alichomoa chupa moja, akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wake, akainyanyua hadi penye mwanga na kuichungulia kwa jicho moja. Iliyo nzima aliirudisha kwenye tundu lake. Iliyomeguka mdomo aliiweka chini, mkono wa kulia, karibu na mguu wa benchi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mwagonile? Kaa hapo, usinipotezee hesabu.”

Nikakaa. Tulikuwa kata ya Ndandalo, wilayani Kyela, katika ile tambarare ya mpunga, migomba na mikakao inayoshuka polepole kuelekea Ziwa Nyasa. Barabarani baiskeli zilikuwa zinapita, moja nyuma ya nyingine, maana Kyela ni nchi ya baiskeli: gunia la mchele, mkungu wa ndizi, mgonjwa wa kwenda zahanati, wote hubebwa nyuma ya kiti. Na kreti za soda pia hubebwa hivyo hivyo, zimefungwa kwa mpira wa tairi, chupa zikigongana kila gurudumu linapoingia shimoni.

Kreti moja ina chupa 24. Tatu ni 72. Mama mdogo alizimaliza kwa muda wa robo saa hivi, akapata mbovu mbili. “Hizi wataziacha,” akasema. “Gari la kiwanda likija, kijana wao hana maneno mengi. Akiona mdomo umeliwa anaitoa, na hasara ni ya kwangu.”

Kila mwenye duka la rejareja Tanzania anaujua mkataba huu usioandikwa ukutani. Soda ukiilipia ni yako, lakini chupa umeazimwa. Mwenye duka ameweka pesa yake kama dhamana kwa kila chupa na kila kreti, kwa hiyo mtoto akitumwa soda huulizwa kwanza, “Chupa unayo?” Kama hana, anywe pale pale amesimama, mpaka tone la mwisho. Nimekulia katika utaratibu huo. Nikiwa na umri wa miaka minane hivi niliangusha chupa mbili za mama mdogo huyu huyu kwenye sakafu ya duka, na jioni yote nilikuwa naokota kokoto kwenye mchele wa kuuza ili kulipa deni. Sikumlaumu. Chupa hazikuwa zake.

Nilichukua moja kutoka kwenye kreti nikaitazama kwa karibu, jambo ambalo nadhani sijawahi kulifanya maishani mwangu pamoja na soda zote nilizokunywa. Mabegani ilikuwa na mshipi mweupe, kama chumvi iliyokauka, na mshipi mwingine kama huo chini karibu na kitako. Nikasugua kwa kidole, haukutoka. Ni makovu. Chupa hupigana mabega na viuno kwenye mikanda ya kiwandani, kwenye kreti, kwenye lori na kwenye baiskeli, na kila safari huacha mikwaruzo midogo pale pale inapogusana na wenzake. Mshipi ukiwa mpana, ujue chupa imetembea sana. Chupa ya kioo ya kurudishwa, ikitunzwa, huenda na kurudi mara ishirini na zaidi kabla haijavunjika au kustaafishwa. Ile niliyoishika ilikuwa imezeeka. Huenda imewanywesha watu wa Tukuyu, wa Chunya, wa Mbozi, na siku ile ilikuwa Ndandalo ikisubiri gari.

Nilikuwa nimekuja Kyela kwa ajili ya hizo chupa, ingawa mwanzo nilidhani nimekuja kwa ajili ya zile nyingine.

Zile nyingine nilikuwa nimeziona siku mbili kabla, Jumamosi, Matema. Nilikwenda kupitia Ipinda, nikafika ufukweni mapema, Milima ya Livingstone ikiwa bado imejifunika ukungu hadi kifuani. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku. Mito yote ya kaskazini mwa ziwa, Songwe na Kiwira na Mbaka na Lufilyo, hushuka kutoka kwenye milima na hubeba kilichoachwa njiani, na ziwa baadaye hukitema mchangani kwa mstari mmoja mrefu unaofuata wimbi. Kwenye mstari ule kulikuwa na majani, vigogo, magugu, ndala moja ya mtoto, na chupa za plastiki. Za maji, za soda, za juisi. Nilianza kuhesabu nikaacha. Zilikuwa nyepesi kiasi kwamba upepo wa ziwani ulizisogeza, zikawa zinalia juu ya mchanga kwa sauti ya kukwaruza.

Ziwa Nyasa si mahali pa kutupa kitu kwa kutumaini kitapelekwa mbali. Lina kina cha mita takriban 700 penye kina kirefu zaidi, na mto unaotoka ndani yake ni mmoja tu, Shire, kule kusini mwa Malawi. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kupanda angani kama mvuke. Mvuke haubebi chupa. Kinachoingia kwenye ziwa hili hukaa, na humo wanaishi mamia ya aina za samaki ambazo hazipatikani mahali pengine popote duniani, pamoja na dagaa tunaowala Kyela nzima.

Hatua chache kutoka hapo, Lyulilo, palikuwa na soko la vyungu la Jumamosi. Wakisi wamekuwa wafinyanzi wa pwani hii tangu zamani. Wanawake hufinyanga kwa mikono, huchoma motoni, na vyungu huja kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vingine vilivyobanwa kati ya mlima na maji. Vilikuwa vimepangwa mchangani kwa mamia, vyekundu, vingine vikiwa na nakshi nyeupe shingoni. Nilinunua kimoja kidogo cha maji. Yule mama aliyeniuzia alikigonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kunipa, tukasikiliza wote wawili. Kililia vizuri. Kikiwa na ufa, alisema, sauti yake hufa.

Nilikumbuka kimpumu. Vijijini kwetu, pombe ile ya ulezi huwekwa kwenye chombo kimoja, maji ya moto yakaongezwa, na kila mtu akanywa kwa mrija wake. Watu kumi, chungu kimoja. Wakiondoka, chungu kinabaki. Sisemi turudi huko. Mtu anayesafiri na basi kutoka Kyela hadi Dar es Salaam hawezi kubeba chungu mapajani. Ninachosema ni kwamba watu wa pwani hii walikuwa na desturi ya chombo kubaki, na desturi hiyo haijatoka mbali na duka la mama mdogo.

Serikali imewahi kuonyesha kwamba mambo haya yanaweza kubadilika. Pombe za viroba zilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ikafuata Juni 1, 2019. Nakumbuka jinsi mitaro ya mitaani ilivyoanza kuonekana sakafu yake ndani ya miezi michache tu, jambo ambalo watu wengi walikuwa wameapa haliwezekani. Chupa za plastiki za vinywaji zilibaki, na zimeongezeka.

Basi Jumatatu, gari la kiwanda lilipochukua kreti za mama mdogo na kumwachia zilizojaa, mimi nikapanda Coaster ya kwenda Mbeya. Nilitaka kuona chupa zinakokwenda.

Ukitoka Kyela unaanza kupanda karibu mara moja. Tambarare inabaki nyuma na joto lake. Pembeni mwa barabara wanauza mchele, ndizi, kakao mbichi kwa wanaotaka kunyonya ute wake mtamu, na mawese. Mawese niliyaona vizuri safari hii kwa sababu nilikuwa natazama vyombo. Yalikuwa kwenye chupa za soda za kioo, zimepangwa juu ya ubao, jua likipita ndani yake, nyekundu kama kaa la moto. Chupa kumi na moja kwenye ubao mmoja. Kumi na moja ambazo kiwanda kilizituma na hazijarudi.

Halafu Tukuyu, ukungu, chai kushoto na kulia, abiria wanafunga madirisha na kuvaa masweta waliyokuwa wameyakalia. Halafu Kiwira, halafu ubavu wa Mlima Rungwe, halafu Uyole. Kutoka ziwani, ambako ni mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi jijini Mbeya umepanda zaidi ya mita 1,000. Nilifikiria lori. Linashuka limejaa soda na linapanda limebeba chupa tupu, na chupa moja ya kioo ya soda ina uzito wa gramu 300 na zaidi, wakati ya plastiki ya nusu lita ina gramu 20 hivi. Huo ni uzito wa kweli na dizeli ya kweli. Mtu anayeisifu chupa ya kioo bila kuutaja mlima wa Rungwe hajasema yote. Ikitumika mara moja na kutupwa, chupa ya kioo ni hasara kubwa kuliko ya plastiki, kwa sababu imekula moto mwingi kuzaliwa na mafuta mengi kusafirishwa. Inakuwa na faida ikirudi, na irudi tena, na tena.

Kiwanda nilichopokewa kiko upande wa viwanda vya jiji. Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa simu na kwa barua, na walinikubalia kwa sharti la kutotaja jina lao wala kupiga picha. Walinipa buti, koti jeupe, kofia ya kufunika nywele na vizibo vya masikio. Mwenyeji wangu alikuwa dada mmoja fundi wa umeme na mitambo, aliyesoma chuo hapo hapo Mbeya. Nilimwambia nimetoka Ndandalo kufuata chupa za mama yangu mdogo. Alicheka kwa furaha, akasema hajawahi kupata mgeni wa namna hiyo. “Twende basi, kaka, tukazitafute.”

Kelele ya chumba kile huwezi kuielezea kwa mtu ambaye hajaisikia. Ni maelfu ya chupa zinazogongana kwa wakati mmoja kwenye mikanda ya chuma, mlio mmoja mrefu wa kioo, kama mvua ya mawe juu ya bati ambayo haikatiki. Mwanzoni kabisa kuna mkono wa mashine unaoshuka juu ya kreti, unashika shingo za chupa zote 24 kwa vikombe vya mpira vinavyojaa upepo, unazinyanyua pamoja na kuziweka mkandani. Kreti inakwenda njia yake kuoshwa, chupa zinakwenda yao. Hakuna mtu anayezigusa.

Mashine ya kuoshea ni kubwa kama nyumba ya vyumba vitatu. Chupa huingia kwa safu upande mmoja, kila moja ndani ya mfuko wake, huzamishwa katika maji ya vuguvugu, kisha katika mabirika ya maji ya moto yenye kostiki soda, nyuzi kati ya 60 na 80, hupigwa maji kwa ndani na nje, na husuuzwa kwa maji safi mwisho. Maji ya suuzo la mwisho hayamwagwi. Hurudishwa nyuma kuanzia kuosha zile chafu zinazoingia. Niliuliza chupa inakaa humo muda gani. Robo saa na zaidi, akasema. Robo saa, muda ule ule mama mdogo anaoutumia kwa kreti tatu.

“Tatizo letu kubwa unalijua ni nini?” akaniuliza, akipaza sauti karibu na sikio langu. “Mawese.”

Nikafikiri nimesikia vibaya.

Akanieleza. Watu huweka kila kitu kwenye chupa za soda: mafuta ya taa, asali, rangi, dawa za mifugo. Kuna ambavyo mashine huosha na kuna ambavyo haioshi. Rangi ikikauka ndani, chupa hiyo haisaidiki tena. Lakini zikija chupa nyingi zenye mawese, mafuta hukutana na kostiki ya moto, na kostiki ikikutana na mafuta huzaa sabuni. Povu hupanda ndani ya mashine, hujaza pale lisipotakiwa, na kusumbua vihisi vinavyopima kimo cha maji. “Tunatengeneza sabuni bila kukusudia,” akasema.

Bibi yangu alitengeneza sabuni kwa kukusudia, kwa mawese na magadi ya majivu ya maganda ya ndizi, nyuma ya jiko, na akaikata vipande kwa uzi. Nilisimama mbele ya mashine iliyoletwa kutoka ng’ambo na kumkumbuka bibi. Kemia ni ile ile. Yeye aliihitaji, mashine hii inaikimbia.

Kutoka pale chupa hutoka zinang’aa, bado zina joto, na hapo ndipo nilipotaka kufika. Kuna kisanduku kirefu cha chuma juu ya mkanda, chenye madirisha madogo, na chupa hupita chini yake moja moja kwa kasi ambayo jicho langu liliona ukungu wa kioo tu. Ndani kuna taa na kamera. Kamera moja inachungulia kupitia mdomoni hadi kwenye kitako, mwanga ukitoka chini. Nyingine zinaangalia ubavu pande zote. Nyingine inaangalia mdomo wenyewe, kama umemeguka. Kihisi kingine kinatafuta tone la kimiminika lililobaki ndani, kwa sababu tone hilo linaweza kuwa kostiki. Kompyuta inaamua kabla chupa haijafika hatua inayofuata. Ikikataa, kidole cha chuma kinaisukuma pembeni, kimya kimya katikati ya kelele yote ile, na mkanda hausimami. Mitambo ya aina hii hupitisha makumi ya maelfu ya chupa kwa saa.

Mzee mmoja wa pale, aliyebakiza miaka michache astaafu, alinisimulia jinsi kazi hiyo ilivyofanywa zamani. Watu walikaa kwenye viti mbele ya kioo chenye taa nyuma yake, chupa zikipita, wakizitazama. Walibadilishana kila baada ya dakika ishirini au thelathini, kwa sababu jicho likichoka linaanza kuona chupa nzima hata kwenye chupa mbovu. “Ukilala usiku,” akasema, “ukifumba macho unaziona zinapita.” Nafasi zile zimeondoka. Wengine walihamia kwenye kuchambua chupa uani, wengine kwenye magari, wachache walisomea ufundi. Si wote waliopata, na nisingependa msomaji adhani mashine huingia mahali bila mtu kutoka. Hata hivyo, kazi ya kukodolea macho taa saa nane kwa siku sikumsikia mtu hata mmoja akiililia.

Kisha yule dada alinionyesha kitu nilichokipenda kuliko vyote. Kwenye kabati karibu na kisanduku cha kamera kulikuwa na chupa chache zilizopakwa alama ya rangi shingoni. Moja ina ufa mdomoni, uliotengenezwa kwa makusudi. Moja ina uchafu kitakoni. Moja ina ufa ubavuni. Ni chupa za mtihani. Kila baada ya saa kadhaa mwendeshaji huziingiza mkandani katikati ya nyingine na kutazama kama mashine itazikamata zote. Ikikosa hata moja, laini inasimama, na chupa zote zilizopita tangu mtihani uliopita hutiliwa shaka. Alinipa moja niishike. Nikapitisha kidole gumba mdomoni, nikauhisi ufa kabla ya kuuona.

“Ndivyo anavyofanya mama mdogo,” nikamwambia.

“Basi mama mdogo wako ni laini ya kwanza,” akajibu. Hakuwa anatania. Akaniambia kwamba kila chupa mbovu inayozuiwa dukani ni chupa ambayo haikupandishwa mlima bure.

Baada ya hapo mambo ni mepesi kuyaeleza. Chupa hujazwa, hufungwa kizibo, kimo cha kinywaji hupimwa, tarehe huchapwa, mkono mwingine wa mashine huzirudisha 24 kwa mara moja kwenye kreti zilizooshwa. Kizibo kile cha bati chenye meno kilibuniwa na Mmarekani William Painter mwaka 1892 na hakijabadilika sana. Ndandalo watoto wanavitumia kuchezea drafti. Miaka 11 baadaye, 1903, Mmarekani mwingine, Michael Owens, aliifanya mashine ya kwanza iliyoweza kuunda chupa yenyewe bila mtu kupuliza. Kabla yake chupa nyingi zilipulizwa kwa mdomo mbele ya tanuru, na katika viwanda vile walifanya kazi hata watoto, usiku kucha. Owens mwenyewe aliingia kazini kwenye kiwanda cha kioo akiwa mtoto wa miaka kumi. Huwa nalifikiria hilo nikisikia mashine zikilaumiwa kwa jumla.

Chupa zetu nyingi huzaliwa Dar es Salaam, ambako Kioo Limited huyeyusha mchanga, magadi na chokaa pamoja na vigae vya chupa zilizovunjika, kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi. Vigae vina kazi kubwa humo: huyeyuka upesi kuliko mchanga, na kadiri vinavyoongezwa ndivyo tanuru linavyokula moto kidogo. Kwa hiyo hata zile mbili za mama mdogo, zilizoachwa kando ya benchi, zingekuwa na kwao pa kwenda, kama kungekuwa na mtu wa kuzipeleka.

Upande wa pili wa kiwanda kulikuwa na laini ya plastiki. Dada akaniweka mkononi kitu kidogo kigumu, kinachong’aa, chenye urefu wa kidole cha kati, na shingo yenye nyuzi za kufungia kifuniko tayari. Hiyo ndiyo mbegu ya chupa. Mashine huipasha moto, huiweka ndani ya umbo la chuma, huivuta na kuipuliza kwa upepo wa nguvu, na kufumba na kufumbua ni chupa ya nusu lita. Ni ufundi wa kupendeza, lazima niseme. Mbegu elfu kadhaa zinaingia kwenye sanduku moja, wakati chupa zilizokwisha kupulizwa zingejaza lori kwa hewa tupu. Siku hizi wanapunguza gramu kutoka kwenye kila chupa, mwaka hadi mwaka, na kompyuta ndiyo inayowezesha kuta nyembamba vile kutopasuka.

Nilimuuliza swali moja tu. Hii ikirudi, inaingilia mlango gani?

Alifikiri. Akasema hairudi. Kuna waokota makopo mjini wanaoziuza kwa kilo, na zinakwenda Dar es Salaam kusagwa. Kutoka Mbeya mjini, ndiyo, kiasi. Kutoka Kyela, alinyanyua mabega.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Kwenye laini ya plastiki nilikuta akili nyingi imewekwa kwenye kutengeneza chupa nyepesi na kuijaza haraka. Kwenye laini ya kioo akili kubwa zaidi imewekwa kwenye kuipokea: kuiosha, kuikagua, kuijaribu mashine yenyewe kwa chupa za mtihani. Laini ya kioo inaanzia kwenye kreti zinazorudi. Ya plastiki inaanzia kwenye sanduku la mbegu, na macho yote yanatazama mbele. Ufungashaji wa vinywaji unaotunza mazingira hautapatikana kwa kununua mashine ya kupuliza iliyo bora zaidi wakati Matema hakuna hata mashine moja ya kupokea.

Haihitaji miujiza. Binamu yangu anayesoma Ujerumani huniambia kwamba huko walianzisha dhamana kwenye makopo na chupa za kutupwa Januari 1, 2003. Siku hizi ni senti 25 za euro kwa kila moja, plastiki kwa bati. Kwenye supamaketi kuna tundu ukutani, unaingiza chupa, mashine inasoma alama, inaishika na kukupa risiti ya pesa zako. Chupa karibu zote zinarudi. Mwanzoni, kabla hajapata kazi ya jioni, nauli yake ya wiki ilitoka kwenye chupa alizookota bustanini baada ya watu kuota jua. Kyela hatuhitaji tundu la ukutani. Tuna wenye maduka wanaojua kuhesabu dhamana tangu utotoni, na tuna lori linalopanda mlima. Kinachokosekana ni dhamana ndogo kwenye chupa ya plastiki, na mashine moja ya kushindilia pale mjini Kyela ili chupa zibebwe zikiwa beli badala ya hewa. Mashine ya namna hiyo ni chuma na pampu ya mafuta tu. Mafundi wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, wanaotengeneza mashine za kukoboa mpunga wangeielewa kwa siku moja. Natamani watu wenye viwanda na wenye kuandika sheria wakae mezani kulijadili jambo hili, na wamwite mmoja wa hao akina mama wenye maduka kabla hawajaandika chochote.

Nilirudi Ndandalo Jumatano jioni. Mama mdogo alikuwa amewasha taa ya sola dukani. Nilimsimulia yote: mkono unaonyanyua chupa 24, robo saa ndani ya maji ya moto, kamera inayochungulia mdomoni. Alisikiliza huku anapima sukari.

“Kwa hiyo inaona ufa?”

“Inaona, mama.”

“Na mdomo ulioliwa kidogo tu, upande mmoja?”

“Na huo.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari njema za ndugu wa mbali. Kisha nikamwambia habari ya mawese na povu. Akanyamaza. Kwenye rafu nyuma yake, kati ya viberiti na sabuni za mche, zilikuwa zimesimama chupa sita za mawese, zote za soda, zote za kioo, na makovu yao meupe mabegani.

Asubuhi nilipoamka nilimkuta uani. Alikuwa ameinamisha chupa moja ya mawese juu ya chupa ya maji ya plastiki iliyofunguliwa kifuniko chake, mkono umetulia, na mafuta yalikuwa yanashuka kwa uzi mwembamba mwekundu. Mbili zilikwisha kumwagwa. Alikuwa amezitia mchanga, majivu na maji ya moto, na mjukuu wake alikuwa anazitikisa kwa mikono miwili, moja baada ya nyingine, kwa nguvu zake zote.

“Lete,” mama mdogo akamwambia. Akaipokea ya kwanza, akaisuuza, akainyanyua kwenye jua na kufumba jicho moja.

“Bado,” akasema, akamrudishia.